Jinsi kiwanda chetu kidogo cha sabuni kilivyoanza kuuzia mashirika ya misaada

Watu wakisikia zabuni za Umoja wa Mataifa hufikiria magari na mahema. Mimi niliangalia sabuni ya kipande. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata, vinataka kila mtu apate angalau gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Kambi ya watu 20,000 peke yake ni tani 5 kila mwezi. Nikasema hapa pana biashara.

Nilijisajili UNGM, tovuti ambako mashirika ya Umoja wa Mataifa hutangaza zabuni zao. Usajili ni bure, na kushiriki zabuni hakulipiwi. Anayekudai ada ya kukuingiza kwenye orodha ni tapeli, mkimbie. Kazi iko kwenye kuchagua misimbo ya bidhaa, yaani namba zinazoonyesha unauza nini. Wengine hujaza kila kitu, kuanzia saruji hadi kompyuta. Mimi nilichagua ya sabuni na usafi tu, kisha nikaenda kujitambulisha kwa maofisa ununuzi wa ofisi za mashirika hayo hapa nchini, kwa sababu oda ndogo mara nyingi huombewa bei huko huko.

Siri, kama ipo, ni kwamba bei huangaliwa mwisho. Kwanza wanapima kama umekidhi masharti: cheti cha maabara huru, muda wa kufikisha mzigo, maandishi ya katoni. Ukikwama hapo, hata ungetoa bei ya kutupa haisaidii. Ndivyo kampuni kubwa zinavyoangushwa na mdogo aliyesoma kila ukurasa.

Kilichotutoa jasho ni uzito. Sabuni hupoteza maji ikikauka, kwa hiyo kipande kilichokatwa gramu 250 leo kitapungua kikikaa ghalani, na mkaguzi huja na mizani yake, anafungua katoni yoyote anayotaka. Tulisogeza waya wa kukatia ili kipande kitoke kizito kidogo, tukaviacha vikauke kwenye chaga, tukawa tunapima tena kabla ya kufunga. Faida ilipungua kidogo, lakini mzigo haukurudishwa.

Halafu pesa. Masharti ya kawaida ni kulipwa siku 30 baada ya mzigo na hati zake kupokelewa, na malipo ya awali usiyategemee. Anayetuuzia mafuta ya mawese alikubali kutukopesha baada ya kuiona oda yenye sahihi. Benki ilitaka hati ya nyumba, nikaachana nayo.

Sasa tuna mkataba wa muda mrefu na shirika moja. Jina linavutia, ila mkataba wenyewe hauahidi hata katoni moja: unafunga bei tu, oda zije zisije. Kwa hiyo wauzaji wetu wa jumla bado tunawapelekea mzigo kila wiki kama zamani.