Matairi ya elfu sabini yalivyonigharimu

Mwaka 2023 niliweka matairi manne ya mtumba kwenye Premio yangu, shilingi 70,000 kila moja. Yaling'aa, kashata, yaani meno ya tairi, nene, na muuzaji akaapa yameshuka kutoka Japani juzi tu. Miezi minane baadaye ya mbele yalikuwa vipara, na moja la nyuma limevimba ubavuni kama jipu. Nililiona Chalinze nilipoingia kujaza mafuta, nikiwa safarini Morogoro kwa mama. Nikafunga spea, nikaenda mwendo wa bibi harusi mpaka nikafika.

Fundi wangu alipolitazama hakuhangaika na uvimbe. Alifuta vumbi ubavuni, akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, msimbo wa kiwandani unaochapwa kwenye tairi: 0816.

"Dada, hili ni la wiki ya nane, mwaka 2016."

Kumbe mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Nilikuwa nimenunua kashata, umri sikuuliza.

Nikachukua kalamu. Kibaha hadi Posta, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 80 kwa siku ya kazi, kwa hiyo miezi ile minane ilinipa kama kilomita 14,000. Gawanya 70,000 kwa hizo: shilingi 5 kwa kila kilomita, tairi moja. Kariakoo, mapya ya saizi yangu, 195/65R15, nilitajiwa 165,000 ya Kichina na 290,000 ya Kijapani. La Kichina nikilikadiria kilomita 45,000 tu, linashuka chini ya shilingi 4. La Kijapani, hata likinifikisha 60,000, linakaribia 5, yaani sawa na mtumba! Ila kwa mtumba sijahesabu ile safari ya kwenda nimeng'ang'ania usukani.

Niseme ukweli, hesabu yangu iliyaonea kidogo yale ya zamani. Ya mbele yalilika zaidi upande wa ndani, maana alaimenti, ule unyoofu wa magurudumu, sikuwahi kupima tangu ninunue gari. Hilo ni langu.

Fedha ilitosha mawili tu, nikachukua ya Kichina, baada ya kusoma tarakimu mwenyewe: 3823. Fundi akataka kuyafunga mbele, "ndiko injini inakovuta." Nikakataa. Kwenye mvua, nyuma ikiteleza gari linageuka na kulirudisha ni kazi, kwa hiyo mapya yakaenda nyuma, na yale mawili ya nyuma, moja likiwa spea iliyokuwa haijatumika, yakaja mbele. Alaimenti ikafanywa siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye nikakamilisha manne.

Lile lililovimba kijana wa gereji aliliomba kwa 10,000. Nilishaona matairi ya namna hiyo yakipakwa rangi nyeusi na kurudi barabarani, nikampelekea fundi wa katambuga, zile ndala za matairi. Alilichana palepale mbele yangu.