Tende za arobaini

Baba mkubwa alifariki Kilwa Kivinje mwishoni mwa Aprili 1998, masika yamechachamaa. Ule ulikuwa mwaka wa El Niño. Mvua zilizoanza vuli ya 1997 hazikupumzika Januari kama kawaida yake, zikaungana na masika. Barabara ya kusini ikakatika. Shangazi alipopata habari pale Temeke, kaka yake ameshazikwa, na hata angekuwa hajazikwa, njia ya kumfikia haikuwepo. Akakaa matanga sebuleni kwake, mbali na kaburi.

"Arobaini siikosi," alisema. Akawa anaisema kila siku.

Babu yetu alikuwa nahodha wa jahazi, na Shangazi alirithi kwake tabia ya kusoma upepo. Kila asubuhi alitoka uani, akainua uso, akarudi ndani bila kusema neno. Siku moja mwishoni mwa Mei akarudi na neno: "Kusi imeshika. Masika yamekwisha. Tutakwenda." Mbingu nazo zilimuunga mkono. Wiki nzima hapakuwa na wingu la maana, na nguo zilizoanikwa asubuhi zilikauka kabla ya adhuhuri. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita, sina kazi, nikapewa ya kumsindikiza.

Hitma ilipangwa Ijumaa, tarehe 5 Juni. Tukaondoka Jumatano alfajiri. Siku mbili na nusu kwa safari ya kilomita mia tatu na kitu! Niliona Shangazi amezidisha tahadhari. Yeye alipakata kikapu chenye kilo nne za tende alizonunua Kariakoo, na hakukubali kiwekwe juu ya basi wala chini ya kiti.

Mkuranga tulipita, Kibiti tukapita, Ikwiriri tukafika jua likiwa linaelekea magharibi. Tukateremka Ndundu kwenye pantoni, na hapo ndipo safari ilipoisha kwa siku hiyo.

Sijawahi kuona mto namna ile. Rufiji ilikuwa pana, nzito, ina rangi ya chai ya maziwa, inapita na magogo na migomba iliyong'olewa na mizizi yake. Juu, mbingu buluu tupu. Pantoni ilikuwa imefungwa kamba ukingoni, mkondo umeizidi nguvu. Malori ya saruji na soda yamepanga foleni, na baadhi ya madereva walikuwa pale tangu Jumatatu.

"Haya maji yanatoka wapi, na mvua imekatika?" Shangazi alimuuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha lori.

"Hii mvua ya Iringa, mama. Na ya Ulanga, na ya Mbeya huko. Nyie mkianza kuanika nguo, sisi ndiyo tunaletewa."

Alilisema bila kinyongo. Yeye alikuwa akingoja maji yashuke apande mlao, ile mahindi na kunde za kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, usiohitaji mvua tena. Wakati wa Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye miinuko, lakini mashamba hayahamishiki. Mzee alituonyesha kwa kidole upande lilipo dungu lake. Mimi niliona maji tu.

Siku hizi pale pana Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, karibu kilomita nzima. Gari linavuka abiria hata hajamaliza kumenya chungwa. Kila nikipita najikuta nachungulia chini.

Tulilala ndani ya basi, na mbu hawakutubagua. Mama lishe wa ng'ambo hii walituuzia wali kwa perege, na ule wali wa Rufiji sijaupata tena popote. Alhamisi alasiri mkondo ukapungua kidogo, pantoni ikaanza kuvusha, nasi tukavuka wa nne. Shangazi alivuka amefumba macho, binti wa nahodha.

Ng'ambo ya pili, mbele ya Muhoro, basi likakwama. Juu ya tope palikuwa na ganda kavu lililopasukapasuka, la kudanganya; chini yake mfinyanzi mweusi bado uji. Wanaume tukateremka tukasukuma, utingo akakata matawi na kuyatandika, vijana wa karibu wakaja na majembe na bei zao. (Wapo abiria waliodai vijana haohao ndio wanaolilisha shimo maji usiku. Sikuona.) Tulisogea hatua kumi, tukazama tena. Usiku ukaingia. Ijumaa ikakucha.

Shangazi aliacha kuongea tangu asubuhi. Saa sita na nusu akaangalia jua, akaniita.

"Mwite yule mwalimu."

Kuna abiria mwenye kofia ya vito ambaye tangu Dar kila mtu alikuwa akimwita mwalimu. Kumbe alikuwa mwalimu wa hesabu, shule ya msingi. "Lakini Yasini ninayo, mama," alisema. Wakaswali waliopata maji ya kutawadha, waliokosa wakatayamamu. Kisha tukakaa chini ya mkorosho, miguu imeganda tope hadi magotini, naye akasoma kwa sauti ndogo, tulivu. Shangazi alilitaja jina la kaka yake mara tatu. Akafungua kikapu, akagawa tende mwenyewe, mtu mmoja tatutatu.

Utingo alikuwa Mkristo wa Mbeya. Alikaa nasi kofia mkononi mpaka dua ikaisha, akapokea zake kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye umetuletea maji yenu," mtu akamtania.

"Mnisamehe," akajibu, akatema kokwa. Hata Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, nikawa sijui nitazame wapi.

Lori la mbao lilitokea alasiri upande wa Somanga, likatuvuta kwa mnyororo. Kivinje tuliingia Jumamosi saa tisa. Masufuria yalikuwa yameshasuguliwa na kufudikizwa uani, majamvi yamekunjwa. Shangazi alipitiliza makaburini hajanywa hata maji. Aliporudi, mjane wa baba mkubwa alikuwa ameshika kile kikapu, anakigeuzageuza.

"Wifi, si ulituma salamu kwamba unakuja na tende?"

"Nimezisomea Muhoro," Shangazi akasema, akaomba maji ya kunawa miguu.