Mcheza baleti akisifiwa sana, mtazame vizuri

Shida ya akili ya mcheza baleti wa kulipwa huchelewa kugundulika kwa sababu dalili zake ndizo zinazosifiwa studioni. Anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, asiyelalamika, aliyepungua kilo tatu tangu msimu uanze, huyo ndiye anayeambiwa "umependeza". Kwenye kazi nyingine angeulizwa kama anaumwa.

Chukua chakula. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa matatizo ya ulaji huwapata asilimia 12 ya wacheza dansi kwa jumla, na asilimia 16.4 ya wa baleti. Wengi hawajioni wagonjwa, maana wanakula. Hesabu ndiyo inayowaumbua. Mtu wa kilo 50 mwenye mafuta asilimia 16 ana kilo 42 zisizo mafuta. Akila kilokalori 1,500 kwa siku na mazoezi yakala 800, mwili unabakiwa na 700, yaani kama 17 kwa kila kilo ya hizo 42. Kiasi hicho cha kila kilo kikishuka chini ya 30, mwili huanza kubana matumizi: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, usingizi huharibika, na moyo wa mtu huingiwa na huzuni na hasira za karibu. (Hiyo 30 si ukuta, wengine huathirika kabla ya kuifikia.) Kwa hiyo sonona anayoletewa mshauri nasaha huenda nusu yake ni njaa, na maongezi matupu hayataiondoa.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, aende kwa daktari. Lakini anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kutoka damu kila mwezi na bado homoni zake ziko chini, kwa hiyo asiitegemee ishara hiyo. Wanaume nao hawajasalimika: kwao hushuka testosteroni, na hakuna anayeuliza.

Usingizi una kisa chake. Darasa la asubuhi ni dakika 75 hadi 90, kisha mazoezi ya saa kadhaa, kisha onyesho. Pazia likishuka saa nne na nusu usiku, mwili bado unachemka. Usingizi unaweza kuja saa nane, na darasa la kesho halisogezwi. Kuwaambia watu hawa "lala mapema" ni kuwatania. Kinachosaidia ni kuchelewesha darasa siku inayofuata onyesho.

Panapouma zaidi ni kwenye majeraha. Ufa kwenye shina la mfupa wa pili wa unyayo huanza kama maumivu ya kawaida, na mchezaji hunyamaza kwa sababu orodha ya wachezaji inabandikwa wiki hii na wa akiba yupo tayari. Kazi yenyewe ni fupi. Hata kwenye Opera ya Paris, yenye ajira ya uhakika kuliko nyingi, umri wa mchezaji kustaafu ni miaka 42. Akipumzishwa, hupoteza nafasi, wenzake wa kila siku, na jibu la swali "wewe ni nani?" kwa mpigo mmoja. Asirudishwe nyumbani tu. Apewe ratiba ya kufika studioni, zoezi la sakafuni, na tarehe za hatua za kurudi, hata kama zitabadilika.

Mwalimu naye ana la kufanya, na halina gharama. Funika kioo baadhi ya siku. Sahihisha kitendo ("zungusha paja kutoka nyongani"), usizungumzie umbo. Mizani iondoke studioni, ikae kwa daktari.

Na mwanasaikolojia asiwe chini ya mkurugenzi wa sanaa. Mchezaji akihisi kuwa faili lake linaweza kusomwa na anayepanga majukumu, atajibu kila swali kwa tabasamu lilelile la jukwaani.