Jalada la Bwana Van den Berg

Katika masijala niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Dodoma, kabla majalada hayajahamia kwenye kompyuta, mgeni mmoja wa Kiholanzi aliyeitwa Van den Berg alikuwa na majalada matatu: la kwanza kwenye V, la pili kwenye D na la tatu kwenye B, kwa kuwa kila karani alijichagulia neno lake. Barua zake zilitawanyika humo, na yeye alidhani tunampuuza.

Maneno madogo kama Van na den si mapambo. Van ni "wa" au "kutoka", ter ni "penye", na de (hapa den) ni kibainishi, kama "the" ya Kiingereza, ambacho Kiswahili hakina. Kwa hiyo Van den Berg ni mtu wa mlimani na Van Dijk ni wa kwenye tuta la kuzuia maji, kama sisi tunavyosema fulani wa Kondoa au wa Mpwapwa. Tofauti ni kwamba kwao neno hilo limeganda ndani ya jina la ukoo, hata kama mwenye jina hajawahi kuuona mlima, na katika Uholanzi ilivyo tambarare huenda asiuone kabisa.

Uholanzi ina kanuni ambayo mashabiki wa mpira wanaiona kila wiki bila kuitambua. Likitanguliwa na jina la kwanza au herufi zake, neno dogo huanza kwa herufi ndogo: Virgil van Dijk, V. van Dijk. Jina la ukoo likisimama peke yake, au likifuata "Bwana", herufi hukua: Bwana Van Dijk. Yakiwa maneno mawili, hukua la kwanza tu, ndiyo maana Edwin van der Sar huwa Van der Sar. Katika orodha, hata hivyo, yeye hutafutwa kwenye S, kwani vinginevyo droo ya V ingefurika.

Kwa hiyo tuliyaunganisha majalada yote kwenye B, na kwenye V tukaacha kadi iliyoandikwa "tazama B". Tukaridhika, mpaka alipokuja Mbelgiji. Wabelgiji wa Flanders husema Kiholanzi hichohicho, lakini huandika jina kama lilivyo kwenye rejista ya serikali na hulipanga kwa neno lake la kwanza. Kevin De Bruyne hubaki na D yake kubwa na hutafutwa kwenye D, wakati Frenkie de Jong, Mholanzi, yuko kwenye J. Tangu siku hiyo mkuu wetu wa masijala alitaka kuiona pasipoti kwanza, ndipo jalada lifunguliwe.