Salio la Benki Si Fedha za Shirika

Shirika la kilimo lisilo la faida linaweza kuwa na milioni 12 benki na bado likawa halina kitu. Tuseme wafadhili wametoa milioni 9 kwa mradi wa mbegu pekee na milioni 2 kwa mifereji ya umwagiliaji pekee; iliyobaki huru, isiyofungwa kwa mradi wowote, ni milioni 1 tu. Mishahara ya mwezi huu ni milioni 3. Mkurugenzi anatazama salio, anaona fedha zipo, analipa. Mvua zikikaribia, mbegu hazinunuliki, na mvua haimngoji mtu. Nionavyo, mashirika mengi huanzia kuyumba hapo, hata pale ambapo hakuna aliyeiba senti.

Kwa hiyo bodi isikubali taarifa ya fedha yenye jumla moja. Kila mfadhili awe na safu yake: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, safu ya mwisho iwe ya fedha huru. Jumla ya zote ioane na benki kila mwezi baada ya usuluhishi, yaani ukishaondoa kwenye salio la benki hundi ulizoandika ambazo benki haijazilipa, na kuingiza makato ya benki kwenye daftari. Mhasibu aandae, mweka hazina akague na kusaini akiwa na taarifa yenyewe ya benki mkononi, si tarakimu zilizonakiliwa upya na ofisi.

Na bajeti msiigawe kwa 12. Pembejeo hununuliwa kwa mkupuo kabla ya msimu, ilhali awamu ya fedha za mfadhili huweza kuchelewa. Pangeni mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi, mwezi wenye upungufu uonekane mapema, wakati bado kuna gharama inayoweza kuahirishwa. Kodi ya ofisi, mhasibu na ukaguzi viingie kwenye kila andiko la mradi kwa sehemu yake. Visipoingia, vitalipwa kwa fedha za mbegu.

Stoo nayo ni fedha. Ikipokelewa mifuko 200 ya mbolea na kutolewa 140, 60 iwe sakafuni, na ahesabu mtu asiye mtunza stoo, bila kumtaarifu. Mifuko iliyoloa au kupasuka iandikiwe hati ya uharibifu siku ileile. Ikiachwa hadi mwisho wa msimu, hakuna atakayejua ipi iliharibika na ipi iliibwa.

Wajumbe wengi wa bodi hizi ni wakulima au wauza pembejeo, na ujuzi wao unahitajika sana. Lakini mwenye duka la mbegu atamke maslahi yake kabla zabuni ya mbegu haijajadiliwa, atoke nje, na muhtasari wa kikao uonyeshe alitoka katika ajenda ipi na akarudi lini. Akidi ya uamuzi huo, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa, ihesabiwe bila yeye; isipotimia, zabuni isubiri kikao kingine.