Betri yenye jina la baba

Natoka kwa fundi simu hapa Makoroboi, Mwanza, sasa hivi. Betri ya simu yangu imevimba, na ili aibadilishe lazima mgongo upashwe moto kwanza, maana umegandishwa kwa gundi.

Nimekumbuka Nokia 1100, ile ya 2003 yenye tochi.
Marehemu baba alikuwa nayo ziwani, akirudi na dagaa alfajiri pale Mwaloni.
Betri ikichoka, unafungua mfuniko kwa kidole gumba, unaweka BL-5C nyingine. Basi.

Yake aliiandika jina kwa kalamu, isichanganyike na za wenzake kwenye kibanda cha kuchajia.
Ninayo mpaka leo.
Wino haujafutika.

Kufungiwa kitu nilichonunua kwa jasho langu kunaniuma kweli.

Nani bado ana simu yake ya kwanza? Tupia picha hapa.