Wiki tatu za serikali mpya

William Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, na hata wiki tatu hazikuwa zimetimia pale Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, iliyokuwapo Kenya tangu Novemba 2012. Ninakiri kwamba kilichonishangaza ni kasi ya uamuzi kuliko uamuzi wenyewe, kwa kuwa watafiti walikuwa wamelisubiri jibu hilo kwa miaka kumi, huku wapinzani wa mbegu hizo wakikimbilia mahakamani mara moja.

Upande wa misitu mambo yalikuwa na utata zaidi. Serikali hiyohiyo iliyoahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 ndiyo iliyotangaza, Julai 2023, kuondolewa kwa katazo la ukataji miti lililowekwa Februari 2018 chini ya Uhuru Kenyatta, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea mashambani ilhali mafundi seremala wakikosa kazi. Hoja hiyo ina uzito kwa misitu ya kupandwa. Kwa misitu ya asili, ambako mipaka hulindwa na askari wachache, ninaiona hafifu.